Siku Mwaitu Alipolikata Neno Milele

Kwa miezi minne nilifanya kazi ya kukusanya sauti za watu. Kampuni moja ya teknolojia, yenye ofisi kubwa ng'ambo, ilitaka kuzifundisha simu lugha zetu, na mimi nikawa mtu wao wa Kitengela. Walikuwa wameshapita Oltepesi kurekodi Kimaasai. Zamu ya Kikamba ilipofika, niliambiwa nilete watu ishirini. Sikuhangaika. Mwaitu, ndivyo tunavyomwita mama kwetu, alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na akisema njooni, watu huja.

Walikuja wamevaa vizuri, kana kwamba sauti ingeonekana. Ukumbi wa kanisa uko karibu sana na barabara ya Namanga, kwa hivyo kila lori likija tulinyamaza mpaka lipite. Msimamizi kutoka Nairobi, mwanamke wa rika langu, mpole, aliwaomba wajaribu kwanza kabla ya kutia sahihi. Kazi ilikuwa kusoma sentensi kwenye simu. Mwaitu akavaa miwani, akaanza.

Sentensi ya kwanza, kwa Kikamba kilichoandikwa na nani sijui, ilisema mama mzee analimwa na shamba. Mwaitu akairekebisha akisoma: mama mzee analima shamba. Simu ikatoa alama nyekundu. Akarudia, nyekundu tena. Akaisoma na makosa yake yote, ikatoa kijani. Akina mama walicheka hadi mmoja akatoka nje. Mwaitu hakucheka. Alimuuliza msimamizi kama wenye simu wanajifunza Kikamba ama wanatufundisha. Msimamizi akajibu kwa upole kwamba sentensi zilitoka ofisini, yeye hana ruhusa ya kuzigusa.

Ndipo mwaitu akaomba ile karatasi ya sahihi, akanipa niwasomee wote kwa Kikamba. Nilikuwa nimewaambia ni fomu ya kawaida tu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimeisoma. Nilianza kwa sauti kubwa, na kadiri nilivyoendelea ikawa inashuka. Kampuni ingeweza kuitumia sauti popote duniani, kuibadilisha, kuiuzia kampuni nyingine, hata kuifanya iseme maneno ambayo mwenyewe hakuyasema. Milele.

"Rudia hapo," mwaitu akasema.

Nikarudia.

"Mimi niko na miaka sabini na mbili. Hiyo milele yote watakuwa na sauti yangu wakiifanyia nini?"

Msimamizi akasema hiyo ni lugha ya mawakili tu. Mwaitu akachukua kalamu, akalikata lile neno, akaandika juu yake miaka mitano, kisha akatia sahihi. Msimamizi akapiga simu ofisini, akaongea kwa muda mrefu akiwa dirishani, akarudi akiomba msamaha. Kompyuta haikuwa na mahali pa kuandika miaka mitano. Ni kukubali yote ama kuacha.

Mwaitu akaacha. Alimshukuru msimamizi, akamuuliza kama amekula, akachukua mkoba wake. Kumi na watatu wakamfuata. Sita walibaki wakarekodi, na sikuwalaumu. Walikuwa wamefunga vibanda vyao sokoni tangu asubuhi ili waje.

Jioni nilienda kwake nikijua nitagombezwa. Alinipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akakaa.

"Uliisoma hiyo karatasi kabla ya kutuita?"

"Hapana, mwaitu."

Akanisogezea sahani. Afadhali angenigombeza.

Wiki iliyofuata nilipata ujumbe wa kunishukuru kwa mchango wangu. Nilipojaribu kufungua akaunti ya kazi, nikakuta imefungwa, na hapakuwa na nambari ya kupiga wala mtu wa kuuliza. Siku hizi niko kwenye duka la dawa za mifugo mjini Kajiado. Mteja ambaye ng'ombe wake hajapona huja mwenyewe, husimama mbele yangu, huniambia anayotaka kuniambia. Nimeipenda kazi hiyo.

Mwaitu naye habonyezi kitu kwenye simu kabla sijamsomea. Juzi alikuwa ameweka programu ya tochi kwenye simu, nayo ikaomba ruhusa ya kutumia maikrofoni.

"Tochi inataka kusikiliza nini?" aliniuliza.

Tukaitoa, tukatembea pamoja hadi sokoni, akachagua tochi ya betri, ya kijani, baada ya kuwasha na kuzima karibu zote zilizokuwa mezani.