Wanaume Thelathini na Wanne wa Lambo

Lea Msengi alikuwa na sauti ndogo, na sisi tuliomfahamu tulizoea kumsogelea anapozungumza. Alizaliwa mwaka 1929 katika kitongoji kilicho mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kinampanda. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita, jambo ambalo kwa msichana wa Iramba siku zile halikuwa dogo, kisha akaolewa na Stefano, seremala aliyetengeneza milango na madirisha ya nusu ya kitongoji. Stefano alikuwa mtu mpole. Siku za mvua alimbeba mtoto wao begani njia nzima ya kanisani bila kujali wanaume wenzake wanamtazama vipi. Nayasema haya mapema ili mtu asije akamdhania vibaya kwa nitakayoyaeleza.

Mwaka 1954 serikali ilituchimbia lambo la kukinga maji ya mvua. Kabla ya hapo wanawake wakati wa kiangazi walikwenda kufukua mchanga wa korongo, wakingoja maji yajae kata kwa kata. Kwa hiyo lambo lilipokelewa kwa vigelegele. Ikaundwa kamati ya wanaume saba kulisimamia, mwenyekiti wao akiwa Manase, mzee wa kanisa, mtu wa haki na mwenye maneno machache. Kamati ikapanga kwamba ng'ombe wanywe alfajiri kabla ya kwenda malishoni, na wanawake wachote baadaye. Ng'ombe waliingia majini hadi tumboni. Wanawake waliposhuka na mitungi yao, maji yalikuwa yamekuwa uji. Walichota hivyo hivyo, wakayaacha nyumbani tope litulie, na kila kiangazi watoto waliharisha.

Agosti 1956 Lea na Stefano walimzika mtoto wao wa pili, wa miezi minane. Hakuna aliyesema ni maji. Lea mwenyewe hakusema. Ila mwezi wa kumi wanawake walipomwendea Manase kumwomba mwenzao mmoja aingie kwenye kamati, Lea alikuwa miongoni mwao, amesimama nyuma.

Manase aliwasikiliza hadi mwisho. "Wanangu," akasema, "wanaume wa hapa hawatalikubali hilo. Msinitie aibu ya kulipeleka barazani likachekwa."

Wakarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, alikuja Mwingereza mmoja, mwanamke mrefu aliyeitwa Bibi Hesta. Alikuwa na hema, taipureta, na barua ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, iliyosema asisumbuliwe. Kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi watu wa vijijini wanavyofikia uamuzi wa pamoja. Kiswahili chake kilikuwa cha kitabuni, na Kinyiramba hakujua hata salamu. Alihitaji mtu wa kumtafsiria na kumwandikia. Wanaume waliosoma walikuwa wamekwenda kufundisha au kukata mkonge, kwa hiyo jumbe, mkuu wa kitongoji, akampelekea Lea.

Jambo lililozungumzwa sana mwaka ule lilikuwa lambo, na Bibi Hesta akaanza na hilo. Walipita nyumba kwa nyumba. Kila walipofika, kiti kiliwekwa uani, majirani wakajaa, na swali likaulizwa: je, wewe ungekubali mwanamke awe kwenye kamati ya lambo? Kila mwanaume alikataa. Melkiori, aliyekuwa na ng'ombe wengi na mdomo mkubwa kuliko ng'ombe wake, aliwachekesha watu wote. "Tukishampa mwanamke kiti," akasema, "mwakani hata mitamba itadai kiti!"

Siku ya tano, wakirudi hemani, Lea aliomba ruhusa ya kusema neno.

"Sema, Lea."

"Bibi, sisi hatujamuuliza mtu hata mmoja. Tumeuliza nyua."

Bibi Hesta akasimama njiani. "Sijakuelewa."

"Mtu aliyezungukwa na majirani hatoi jibu lake. Anatoa jibu la wale waliomzunguka. Hata mimi ningefanya hivyo."

Yule mwanamke hakukasirika. Aliketi juu ya jiwe, akatoa daftari, akaandika kwa muda mrefu. Kesho yake wakaanza upya. Safari hii kila mwanaume aliitwa peke yake ndani ya hema, mlango umefungwa. Lea aliapa kwa Biblia mbele ya jumbe kwamba hatatoa nje neno la mtu yeyote, na karatasi hazikuandikwa majina. Maswali yalikuwa mawili tu. La kwanza: wewe mwenyewe ungekubali? Kisha Bibi Hesta alimwaga punje kumi za mahindi mezani na kuuliza la pili: tuseme hawa ni wanaume kumi wa hapa, wangapi kati yao wangekubali? Watenge.

Melkiori aliingia akicheka, akaketi, kicheko kikamwishia. Namtaja kwa kuwa habari hii aliisimulia mwenyewe baadaye, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Alishusha sauti. "Mimi ningekubali. Mke wangu anayajua maji yale kuliko mimi." Alipomwagiwa punje alisogeza moja, akaitazama, akairudisha kwenye fungu. "Hakuna," akasema. "Wote watanicheka."

Ikawa hivyo siku hadi siku. Mtu anaingia, anasema yeye yu radhi, halafu anatenga punje moja, au mbili. Mwingine, ambaye Lea hakuwahi kunitajia jina lake, alimwomba kwa Kinyiramba, kwa unyenyekevu wa mtoto, asije akamwambia kaka yake. Kaka yake alikuwa ametoka hemani asubuhi ileile, na alikuwa ameomba vivyo hivyo.

Zamu ya Stefano ilipofika, Bibi Hesta alimwambia kwamba kwa vile anajua Kiswahili vizuri, mkewe anaweza kutoka nje.

"Abaki," Stefano akasema.

Akaulizwa swali la kwanza. Alimtazama Lea, si Bibi Hesta, akajibu: "Hapana. Mimi sitaki."

Lea akaandika. Haya alinisimulia Stefano mwenyewe. Bibi Hesta akamwaga punje, na Stefano akatenga saba bila kufikiri.

"Saba?" Bibi Hesta akashangaa. Hakuna aliyewahi kutenga nyingi hivyo.

"Mimi napachika milango ndani ya nyumba zao," Stefano akasema. "Nawasikia wakizungumza na wake zao."

Jioni ile Lea alipika ugali wa uwele na mlenda. Wakala. Yunisi, binti yao, alikuwa na habari nyingi za shuleni, wakamsikiliza yeye. Lea alikuwa ameapa kutozungumzia majibu ya mtu yeyote, na mumewe naye alihesabiwa humo. Hakumuuliza kitu.

Walipomaliza, wanaume arobaini na saba walikuwa wamepita hemani. Lea alihesabu karatasi mara tatu. Thelathini na wanne walikubali. Kumi na watatu walikataa. Lakini ukichukua punje zote zilizotengwa, ilikuwa kana kwamba kila mwanaume aliwaona wenzake wawili tu kati ya kumi kuwa tayari kukubali. Waliokubali walikuwa wengi, na kila mmoja aliishi kama yuko peke yake.

"Hili nimelisikia likisemwa na walimu wangu," Bibi Hesta akasema, macho yamemng'aa. "Sijawahi kuliona."

"Basi tukawaambie," Lea akasema.

"Hapana. Mimi nimekuja kutazama. Nikiwasukuma, nitakuwa nimeuharibu uchunguzi wangu."

Lea akasema, kwa ile sauti yake ambayo Bibi Hesta alilazimika kuinama kuisikia: "Bibi, wewe utaondoka na karatasi. Sisi tutabaki na tope. Mimi nimezika."

Bibi Hesta aliizunguka taipureta yake siku mbili bila kuandika kitu cha maana. Siku ya tatu alimwita Lea. Idadi zinaweza kusomwa, akasema, bila jina na bila dalili ya jina, ila Lea ndiye azisome, kwa lugha ya nyumbani.

Baraza lilikuwa Jumamosi, ndani ya darasa la shule kwa sababu ya upepo. Wanaume walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu, na wanawake wakasimama ukutani. Manase alimpa Lea nafasi kwa heshima ya mgeni.

Lea aliwaamkia wazee, akafungua karatasi. "Wazee wangu, tuliwauliza wanaume arobaini na saba. Kila mmoja aliulizwa kama yeye mwenyewe anakubali mwanamke aingie kwenye kamati ya lambo. Waliokubali ni thelathini na wanne."

Mtu wa nyuma akapaza sauti: "Hatukusikia! Wangapi?"

"Thelathini na wanne."

Zogo likaanza. "Ni akina nani hao?" "Watajwe!" Manase akapiga meza. "Mama Yunisi, haya umeyatoa wapi?"

"Kwenu, baba."

"Taja majina."

"Niliapa, baba. Siwezi."

Kila mwanaume alimtazama jirani yake kisha akatazama chini. Lea aliniambia kwamba pale aliogopa kweli. Alijua kuwa wakiendelea kunyamaza dakika moja zaidi, karatasi ile itaitwa uongo, na yeye ataitwa mwongo hadi kufa.

Dawati likalia. Melkiori alikuwa amenaswa magoti, ikabidi ajivute kusimama. "Mimi ni mmoja wao," akasema. Uso ulikuwa umemvimba kwa haya. "Nilidhani niko peke yangu. Mnicheke sasa, tumalize."

Hakuna aliyecheka. Mwanaume mwingine akasema, "Na mimi." Wa tatu akasimama bila kusema neno. Manase, ambaye alijua kusoma baraza kuliko kitabu, akaona heri apate hesabu iliyo wazi, akaagiza wanaokubali wanyanyue mikono.

Lea akahesabu kwa mazoea. Mikono ilikuwa arobaini na mmoja.

Akahesabu tena. Hemani walikuwa thelathini na wanne. Wale saba wa ziada aliwafahamu kwa sura, kwa maana yeye ndiye aliyeandika jibu lao. Walikuwa wamekataa, na kukataa kwao kulikuwa kwa kweli. Sasa walipoona wamebaki wachache, mikono imekwenda juu yenyewe. Jambo hili lilimsumbua Lea kuliko zogo lote. Alifurahi, lakini aliniambia kwamba furaha ile ilikuwa na kokoto ndani yake, kama mchele usiopetwa vizuri.

Wanaume sita hawakunyanyua mikono. Mmoja wao alikuwa Stefano. Aliketi dawati la mbele, viganja juu ya magoti, watu wote wanamwona, na mkewe amesimama mbele yake na karatasi.

Ulipofika wakati wa kumchagua mwanamke huyo, jina la Lea lilitajwa kwanza. Mzee mmoja akasema huyu hatutamsikia, na watu wakapata nafasi ya kucheka ambayo walikuwa wakiitafuta tangu mwanzo. Wakamchagua Selina, mjane mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde.

Njiani kurudi, mume na mke walipita mawe makubwa yaliyo karibu na kanisa. Stefano ndiye aliyeanza kusema.

"Mama Yunisi, mimi sikukataa wanawake. Nilikukataa wewe."

Lea akaendelea kutembea.

"Nilijua wakikubali watataja jina lako, kwa kuwa umesoma. Tulipomzika mtoto ulikaa miezi mitatu hujatamka neno. Nikajiuliza, siku Manase atakapomwambia mke wangu kwamba maji hayana kosa, mke wangu atakuwaje?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia usikubali, ungenitii. Nilijua ungenitii. Ndiyo maana nikaiambia karatasi."

Lea alisimama, akamgeukia mumewe. "Na leo? Leo ungeweza kunyanyua mkono. Walikwisha kukubali."

"Nisingeweza kusema hapana mbele yako hemani, halafu ndiyo mbele ya watu."

Lea alimpa mzigo wa karatasi abebe. Habari hii sikuipata kwake. Niliipata kwa Stefano miaka mingi baadaye, akiwa mzee, na hata yeye hakujua kama mkewe alimsamehe siku ile au baadaye. Manase naye alijibu nini hemani, sijui hadi leo. Nilimuuliza Lea mara moja. Akaniuliza kama nimekula.

Selina hakumaliza mwezi kabla ya kamati kubadili zamu: wanawake wachote kwanza, ng'ombe wanywe baada ya jua kupanda. Wafugaji walinung'unika kwa kuchelewa malishoni, na mmoja alivunja utaratibu mara mbili, akatozwa mbuzi. Ikazungushwa miiba upande wa kuchotea. Watoto hawakuacha kuharisha wote, ila waliharisha wachache.

Bibi Hesta aliondoka mwezi wa kumi na moja. Mwanzoni mwa 1960 alimtumia Lea kijitabu cha Kiingereza, na mwalimu wa shule akamsomea. Kitongoji chetu kiliandikwa kwa herufi moja tu, na Lea aliitwa "mkalimani". Mwalimu alikasirika kwa niaba yake. Lea alisema ni sawa, wao ndio walioahidi kutotaja majina.

Mwaka huohuo Selina alihamia kwa binti yake Kiomboi, na kamati ikamwita Lea achukue nafasi. Alikuwa mjamzito. Neno lake la kwanza kikaoni lilikuwa kwamba tope limejaa na lambo linakufa, na wajumbe wakasogeza viti ili wamsikie. Walifukua siku tisa, wanaume kwa wanawake, Stefano akitengeneza mipini ya majembe iliyovunjika, na mvua za Desemba zikalikuta lambo limekuwa na kina cha kumzamisha mtu.