Njia ya Mkato

Kila zikikaribia mbio za mlimani, kinyozi wa mtaa wa Pasiansi, mkimbiaji naye, humchorea mteja njia kichwani kwa ncha ya kitana: hapa mawe, hapa miiba, hapa nawaacha wote. Kisogoni hagusi. Huko ndiko iliko njia ya mkato, nayo inakatiza uani kwa mama mkwe wake, na mwanamume mzima hamtokei mkwewe mapaja nje. Ila mwaka mmoja zawadi ilikuwa redio ya kaseti kutoka Dubai. Siku ya mbio akaishika njia hiyo, akafika nyuma ya jiwe kubwa la uani kwa mkwewe akihema, akavuta kaptura ishuke, ikagoma. Akakohoa. Mama mkwe, aliyekuwa akianika dagaa, akajifunika kanga uso mzima.

“Pita, baba, sioni kitu!”

Kinyozi akachomoka.

“Angalia dagaa wangu! Na hiyo kaptura imechanika nyuma!”