Nta ya Wagonjwa wa Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa maabara alinipa kipande cha nyama kisichozidi punje ya haragwe. "Hii ni mutu," akasema. "Usiiangushe." Nilidhani ananitania.

Kazi yetu iliitwa histolojia, yaani kusoma ugonjwa ndani ya nyama. Uvimbe uliokatwa na mpasuaji tuliuloweka kwenye formalini usioze, tukauondoa maji kwa alkoholi, kisha tukaumiminia nta ya parafini hadi ukagandia ndani. Kipande hicho cha nta ndicho bloku. Mashine ya mikrotomu ilikikata utando mwembamba kuliko ganda la kitunguu, tukautandaza juu ya kioo na kuutia rangi, shefu akausoma kwa hadubini: ni saratani au siyo. Bloku ikapewa namba, ikawekwa kabatini.

Vita vilipopamba moto, mipaka ikafungwa na nta haikuja tena. Milio ya bunduki kutoka mtaa wa Kanyosha tuliizoea, lakini wagonjwa walizidi kuja na hatukuwa na nta ya kuwapimia. Mimi ndiye niliyetoa wazo la kuyeyusha bloku za zamani. Shefu alinitazama.

"Zilisha kusomwa zote?"

"Zote, Docteur. Na wenyewe walisha pata majibu."

"Basi yeyusha. We Ramazani una kichwa!"

Nta tukaichuja kwa kitambaa, vinyama tukavitupa. Hata vioo tuliviosha tukavitumia upya. Shefu alinisifu mbele ya wote, na shefu aliyemfuata akanipandisha cheo kuwa fundi mkuu. Kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwangu nilimsimulia kisa hicho, nikijisikia sana.

Nilipokwisha kustaafu, alikuja nyumbani kwangu mtaa wa Buyenzi daktari mmoja mwanamke, mtafiti wa saratani. Maabara ndiyo iliyomwelekeza kwangu. Hajamaliza chai nikawa nimeshamsimulia habari ya bloku, nikicheka hadi machozi. Yeye hakucheka.

"Mzee, mama yangu alikuwa mule," akasema. "Uvimbe wake ulikuwa mudogo, wakamwambia umetoka wote. Kisha ukaenda mpaka mu mapafu, akafa. Nilikuya kutafuta bloku yake."

Akanieleza kwa upole. Ndani ya seli mna molekuli ndogo za RNA zinazonyamazisha ujumbe wa jeni. Zikipungua au zikizidi, ishara za seli huvurugika, na seli ya saratani iliyopaswa kutulia hupata amri ya kuhama. RNA hizo hudumu miaka mingi ndani ya nta. Alitaka kuzipima ajue kwa nini uvimbe mdogo namna ile ulisafiri.

Uso uliniwaka kwa aibu. Nikajitetea kwamba ilikuwa vita.

"Najua, mzee. Ile nta ilisaidia wengine."

Huruma yake iliniumiza kuliko tusi. Kweli ilisaidia wengine, na hilo silijutii. Ninachoona aibu ni kujiamini kwetu, kudhani tulichosoma ndicho chote kilichokuwamo, na kile kicheko changu cha miaka yote.

"Unamukumbuka?" akaniuliza.

"Apana, mwanangu. Tulikuwa tunajua namba tu."

Akanitajia jina la mama yake, akaniomba nilirudie. Nikalirudia, macho yangu yakiwa chini.