Mzee Aliyefunza kwa Kunong'ona

Habari ilinifikia asubuhi moja kupitia kundi la simu la watu tuliokulia mtaa mmoja: fundi seremala, jirani yetu wa siku nyingi kule Pumwani, ametutoka. Chini yake zilifuata picha za mishumaa na mikono iliyokunjwa, kila mtu akituma yake upesi kama karani anayegonga muhuri. Hakuna aliyeandika hata sentensi moja juu ya mzee mwenyewe. Mimi kazi yangu ni sentensi, kwa hiyo naona niwafidie.

Nyumba zetu zilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, wazazi upande huu, watoto upande ule. Mama yangu alipokuwa na zamu kiwandani, nililala kwa fundi, na huko ndiko nilikosomea. Hakuwahi kumwita mtoto na kumhubiria. Baada ya chakula, sisi tukishajifanya tumelala, alianza kumsimulia mkewe. "Mama watoto, nasikia kuna kijana anaruka ukuta wa sinema badala ya kuteka maji." "Wa nani huyo?" mkewe aliuliza, naye akijua fika kwamba ni wake. "Simjui. Lakini ana mama mzuri sana." "Na babake je?" "Babake ndiye tatizo. Anamchekea." Nyuma ya pazia mwenye kosa alitoka jasho, na asubuhi mitungi ilikuwa imejaa pomoni.

Kijana huyo leo ni baba wa watu. Anaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, katika vyumba vyenye milango inayofungwa, na familia yake huongea kwa kuandikiana. Nimemwona mkewe akituma "chakula tayari" kwa watu walioketi mbele yake, mume akajibu kwa picha ya kidole gumba. Mzee alihamia huko baada ya kufiwa na mkewe. Hakupita muda, ikajulikana kwamba mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na mitano, alikuwa akiondoka na sare kila asubuhi na kwenda kushinda kwenye maduka makubwa ya Eastleigh. Shule ilitishia kumfukuza. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Hawakujua kwamba ulimwengu ungefungua ofisi. Wazazi walimtafuta mshauri wa malezi, naye akatuma video za mawaidha. Msichana alizitazama zote, kwa kasi maradufu.

Mzee akanipigia simu. "Njoo tuongee. Mama watoto hayupo, na kazi hii haifanywi na mtu mmoja."

Nilimkuta msichana kwenye kochi, masikio yamezibwa kwa muziki. "Umesikia ya yule msichana wa Eastleigh?" mzee akaanza. "Yupi huyo?" nikauliza kwa sauti kubwa, ili somo lifike. Mzee akanikanyaga mguu. "Punguza! Mtu ukimpigia kelele anaziba masikio. Mfiche neno uone." Basi akaninong'oneza habari za msichana ambaye walimu wamemchoka, na wiki ijayo nafasi yake itapewa mwingine. Sikio moja likazibuliwa. Baadaye la pili.

"Guka, na huyo dem alirudi shule?"

"Sijui. Nimesikia mpaka hapo tu."

"Aaa, guka! Huwezi kuachia story hapo!"

"Kwani ni yangu? Muulize mwenyewe ukimwona."

Jumatatu alikwenda shule, na hajaacha tena. Wazazi walimwandikia mshauri shukrani ndefu, naye ameibandika kwenye ukurasa wake wa matangazo.

Juzi nilikuwa matangani kule Pipeline. Mume na mke walikaa kochi moja wakipanga mazishi kwa simu mbili, huku binti yao akiosha vikombe jikoni. Ghafla mume akaweka simu chini. "Naogopa," akamwambia mkewe polepole. "Mzee ndiye aliyejua kuongea na huyu mtoto. Sisi tutaanzia wapi?" Mke naye akaweka yake. "Hata mimi naogopa, baba."

Jikoni, bomba likafungwa. Vikombe vikanyamaza.

Washauri wa malezi hawatanipenda, lakini nitasema: mzazi asiyejua la kumwambia mwanawe na aanze kwa kumwambia mwenzake ukweli. Mtoto atasogea mwenyewe.