Mrija wa Mama

Mama alikuwa mpika pombe, na harufu ya ugonjwa wake ilikuwa harufu ya kazi yake. Ndiyo maana tulichelewa kushtuka. Kule kijijini kwetu Msanzi kila mtu aliijua pombe yake ya ulezi, ile inayomiminiwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija, watu wameuzunguka mtungi mmoja. Alipokuja kukaa kwangu mjini Sumbawanga na kuanza kutapika, nilichokinusa kilikuwa machicha ya pombe yaliyolala. Nikadhani anakunywa kwa siri.

Kumbe ni chakula. Ugali alioula juzi ulitoka leo, madonge yake bado madonge, maharage na maganda yake. Kilikuwa kimechachuka humo tumboni, na kilitoka kingi hadi nikajiuliza mwanamke mwembamba vile alikiweka wapi. Nilikwenda sokoni, jirani na meza yangu ya mitumba, nikanunua beseni la plastiki la kijani. Siku hiyo hiyo nililiweka karibu mno na jiko la mkaa, ukingo ukayeyuka na kujikunja kama sikio. Likawa beseni la mama.

Nilisikia kinyaa. Nilimshika kichwa huku nimegeuza uso dirishani. Mtu akikwambia hajawahi kuona kinyaa kwa mgonjwa wake, jua hakumuuguza, alimtembelea tu.

Na wa kutembelea walikuwa tele. Kwetu huendi kwa mgonjwa mikono mitupu, na mgonjwa hakatai kilicholetwa. Akikikataa amekwambia bila kufungua mdomo kwamba anakushuku, na katika mji wetu kushukiwa kwa chakula si jambo la kucheka. Kwa hiyo mama alionja cha kila mtu, akatabasamu, akashukuru, akasubiri mlango ufungwe. Kisha akanyoosha mkono kuliomba beseni.

Shangazi, dada wa marehemu baba, hakuridhika na kuonja. Alikaa kitako mpaka bakuli liishe.

"Shangazi, hakikai," nilimwambia. "Kinarudi chote."

"Kinarudi kwa kuwa mnampa kidogo. Tumbo likishiba litanyamaza. Kula, wifi yangu. Au umenichoka?"

Mama akala.

Majibu ya vipimo alivyofanyiwa mama Mbeya yaliporudi, daktari wetu wa Sumbawanga aliniita mimi na kaka. Kaka ndiye mkubwa wetu. Tangu biashara iwe huria alikuwa amenunua lori, anapeleka mahindi Tunduma, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza mjini kushika simu ya mkononi. Aliishika hata pale ambapo haikupata mtandao. Alimwamuru mama abaki kwenye benchi nje.

Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema ni saratani, imeota pale tumbo linapomwagia kwenye utumbo, na mlango huo sasa umeziba. Kuing'oa haiwezekani tena. Kinachowezekana ni kumpatia njia ili ale, na njia ziko mbili.

Ya kwanza ni mrija wa waya. Unapitishwa mdomoni kwa kufuata kamera, unafika penye uvimbe, unajitanua wenyewe. Hakuna kidonda. Mgonjwa anaanza kunywa mapema na anarudi nyumbani mapema. Ila ni wa vyakula laini, na huziba, ama kwa chakula ama kwa uvimbe kuota ndani yake, na ukiziba lazima arudi kwenye mashine, na mashine iko Dar es Salaam.

Ya pili ni kisu. Wanafungua tumbo, wanaliacha lile lango bovu lilivyo, wanaunganisha tumbo na utumbo kwa pembeni. Hiyo wangeifanya hapa hapa. Atalala wodini muda mrefu, tumbo litachelewa kuamka, na kwa mtu wa umri wake kidonda si mzaha. Lakini akipona, njia hiyo hudumu zaidi.

"Inategemea ana muda gani mbele yake," alisema. "Angekuwa wa wiki chache, ningesema mrija bila kufikiri. Huyu bado ana nguvu, anaweza kupata miezi. Mimi ningempasua. Lakini niruhusuni niongee naye mwenyewe."

"Mgonjwa haambiwi," kaka akasema, akasimama.

Niliyaona mabega ya daktari yakishuka. Mama alikuwa nje ya mlango ule, na sisi tulikuwa tukilizungumza tumbo lake kama mzigo uliokwama mpakani.

Jioni nilimwambia yote. Tulikuwa uani tunapepeta ulezi, yeye akipepeta na mimi nikichagua mawe. Hakulia. Aliuliza huo mrija unaziba kwa nini, nikamjibu alivyosema daktari.

"Mrija naujua," akasema. "Ukiingia machicha, mnywaji anapuliza. Ukikataa anautupa, anachukua mwingine. Mimi huo mwingine nitaupata wapi, mwanangu?" Akarusha ungo mara nyingine. "Wanipasue. Nataka nile na watu, beseni likiwa mbali. Hata kama ni mara chache."

Hilo tu. Hakuomba kupona.

Hospitali ilitaka damu kabla ya kumpasua, nayo itoke kwa ndugu. Mimi nilikuwa nanyonyesha, wakanikataa. Nikawageukia wale wale waliokuwa wakipishana mlangoni kwangu na vyungu. Mmoja alisema damu yake nyepesi. Mwingine alikuwa amesikia damu inauzwa ng'ambo. Mwingine aliogopa watampima na kuona mambo mengine, na huyo angalau alisema ukweli. Ugali walileta mpaka nikakosa vyombo vya kuwarudishia. Damu hawakuleta.

Kaka nilimpeleka mwenyewe. Muuguzi alipomfunga mpira kwenye mkono, mkono ule mnene wenye saa ya dhahabu, jasho lilimtoka hadi kidevuni. Akakumbuka kuna mtu anamsubiri kwenye lori.

Jumapili yake akaitisha kikao cha ukoo.

"Mama yangu hachanwi kama mbuzi," alisema, "wakati dunia imeendelea. Kisu ni cha mtu asiye na uwezo. Mimi nampeleka Dar, hospitali ya vioo, akawekewe mrija wa kisasa."

Walimpigia makofi. Wajomba walipiga, shangazi alipiga vigelegele. Nikasema mama mwenyewe anataka kupasuliwa. Baba mdogo akaniuliza tangu lini mgonjwa anajitibu. Mama alikuwa ndani, anasikia kila neno, na hakuna aliyemwita. Mpaka leo nikisikia watu wanapiga makofi kikaoni mimi hutoka nje.

Na mrija ulifanya kazi, siwezi kuusingizia. Mama alirudi kutoka Dar anakunywa uji na uji haurudi. Nililisugua beseni kwa majivu, nikalianika juani. Usiku alilala. Kule walimpa masharti: uji, mchuzi, viazi vilivyopondwa, maji baada ya kila kitu. Ugali mgumu asiguse, wala mboga zenye nyuzi. Niliyarudia masharti hayo kwa kila aliyeingia, sauti ikanikauka.

"Uji si chakula," shangazi alisema. "Mtu mzima anashibaje kwa uji?"

Kaka aliandaa shukrani Msanzi, baada ya misa. Mgonjwa aliyeinuka huonja chungu cha kila nyumba, ndivyo watu wanavyojua kwamba hana kinyongo na mtu. Vyungu vilipangwa: ugali wa ulezi mweusi, mgumu wa kukatwa kwa kisu, na majani ya maboga ambayo hakuna aliyeyamenya nyuzi. Nilisimama mbele ya mama nikasema hapana.

"Usituaibishe," kaka alininong'oneza, huku akiwachekea wageni.

Mama alinitazama. Alikuwa amechoka kutazamwa. Akafungua mdomo, akaonja nyumba moja baada ya nyingine, na kila alipomeza walishangilia.

Tulipofika mjini aliniomba beseni.

Mvua zilikuwa zimeanza na barabara ya Tunduma ilikuwa tope la kumeza magurudumu. Simu ya kaka haikupatikana, na mara hii si kwa sababu ya mtandao. Daktari wetu alimpima mama, akamgusa mbavu taratibu kama anayeogopa kuzivunja. Alisema mrija umeziba, na kwa mwili huu sasa kisu kitamuua mezani. Safari hii aliongea na mama mwenyewe, na hakuna aliyemzuia kwa kuwa hakuna aliyekuja.

"Pale mwanzo, wewe ungenipasua?" mama akamuuliza.

"Ningekupasua, mama."

"Asante," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumjibu. Alikufa kabla mvua hazijakatika, midomo imekauka, na ile harufu ya machicha chumba kizima.

Matangani watu walikula. Walikula kama waliokodiwa. Kaka alikuwa amechinja ng'ombe, mafuta yakamtiririka mpaka kwenye saa. Vyombo vilikuwa vichache, na kina shangazi walikuwa wamebeba kila walichokikuta jikoni kwangu. Katikati ya duara la wanaume nikaliona beseni la kijani, ukingo umejikunja kama sikio, limejaa ugali unaofuka moshi.

"Mama ameondoka ameshiba," kaka alikuwa akiwaambia wenzake, mdomo umejaa. "Tunamshukuru Mungu, hatukumnyima kitu."

Wakaitikia. Akageuka kutafuta tonge jingine, akaona beseni liko mbali na mkono wake.

Nikainama nikamsogezea.