Nepi na Maji ya Sindeni

Nepi za mwanangu wa kwanza zilikuwa nane. Nne zilikuwa za kitambaa cha marekani, nyeupe, mama yangu alizipinda kwa mkono kule Korogwe. Nne nyingine mama mkwe wangu alizichana kutoka kwenye kanga zake kuukuu. Zile nyeupe nilizianika mbele ya nyumba, wapita njia wazione. Zile za kanga nilizitia chini kabisa ya kapu. Nilikuwa na miaka ishirini na nilijiona ninajua mambo.

Nilikulia kambi ya mkonge, jirani na mto Pangani, na maji sikuwahi kuyafikiria. Niliolewa Sindeni, Handeni, miaka ile watu walipokusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Nyumba zilipangwa kwa mistari, zikanyooka vizuri, ila maji hayakuhamishwa pamoja nasi. Kwenda bwawani na kurudi kulimaliza asubuhi nzima.

Kwa hiyo nyumbani kwetu maji yalifanya kazi mpaka yachoke. Yaliyomwogesha mtoto yalisuuza nepi, na yaliyosuuza nepi yalimwagwa kwenye maboga. Kila nilipoinua debe kumimina, mama mkwe alikohoa. Nilimwona mchoyo, na usemi huo niliupeleka kwa mume wangu, ambaye alitafuta jembe akaenda shambani.

Ndipo binamu yangu akaniletea kutoka Tanga chupi ya plastiki ya kuvalishwa juu ya nepi. Mtoto akikojoa, nje pakavu. Nilifurahi sana. Nepi moja ingenifikisha mbali, nisifue mara kwa mara, nisikoholewe. Mama mkwe aliishika kwa vidole viwili.

"Hii inazuia mkojo usiende wapi?"

"Usitoke nje, mama."

"Haya. Basi unabaki na nani?"

Nilicheka moyoni. Mtu wa shamba, nilisema, hajui vitu.

Siku ya zamu ya shamba la kijiji nilimbeba mtoto kwa mbeleko tangu asubuhi, nimemvalisha chupi yake ya plastiki. Tulipalilia mahindi mpaka jua likawa utosini. Mgongo wangu ulikuwa mkavu, nikajisifu. Tuliporudi nikamfungua, na ngozi ya mapajani ikatoka na nepi. Alilia kilio nisichokijua. Alikuwa na miezi minne, na wakati ule mtoto wa miezi minne aliweza kututoka kwa jambo dogo kuliko hilo. Nikapiga ukelele.

Mama mkwe alikuja mbio. Mjukuu wake huyo alizoea kumwita "mume wangu", kwa utani wa bibi, na siku zote aliingia kwake na maneno ya kuchekesha. Siku ile hakutania.

"Ni joto, mama," nilisema.

Aliangalia ule wekundu ulioishia sawasawa palipobana lastiki.

"Joto gani linalokata mstari?"

Tulikwenda zahanati. Nesi alimpaka dawa ya zambarau, akaniambia nisimfunge plastiki tena: nimvalishe kitambaa laini, nikibadilishe kila kinapolowa, nikisuuze mpaka sabuni iishe yote, nikianike juani. Nilitaka kumuuliza maji hayo yote nitayapata wapi, lakini mama mkwe alikuwa ameshaitikia.

Nyumbani yeye mwenyewe alizitoa zile nepi za kanga chini ya kapu. Marekani yangu ilikuwa bado ngumu, inakwaruza. Kanga iliyovaliwa miaka imeshamaliza ukali wake. Ilipitisha hewa, ikakauka kwenye kamba ya katani kabla ugali haujaiva, na jua likaondoa harufu. Zaidi ya yote haikunificha kitu. Mtoto akikojoa, paja langu lilijua papo hapo, nami nikainuka. Niliona ngozi ikirudi kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Wiki ilipoisha alikuwa anapiga mateke na kucheka akioshwa.

Nepi hizo baadaye zililea watoto watatu, na ya mwisho ilimalizikia kufuta vumbi kwenye redio. Wajukuu zangu wa sasa wanavaa za kutupa, na mama zao wananiona wa zamani. Sigombani nao. Nawaambia tu wasiache kumpapasa mtoto ati kwa kuwa nje pakavu.

Lakini siku zile za kidonda lilinishangaza jambo jingine. Mama mkwe alikuwa ameacha kukohoa. Nilisuuza mara mbili, mara tatu, na mtungi haukukauka. Nikadhani amelainika, au ameniogopa mimi.

Alasiri moja nilitoka na karai kwenda kuanika. Nikamkuta nyuma ya nyumba, amechutama. Alipiga viganja kwenye udongo mkavu, akapaka uso, kisha mikono. Alikuwa anatayamamu, anatawadha kwa vumbi ili asali, kama msafiri wa jangwani, na mtungi uko hatua tano kutoka kwake.

"Mama, maji si yapo?"

"Yapo. Ya nepi."

"Tangu lini unafanya hivi?"

"Tangu tulipotoka zahanati. Nilimuuliza mwalimu wa madrasa, kasema yafaa." Alijikung'uta mikono. "Mimi Mungu kaniruhusu vumbi, mwanangu. Mume wangu huyu hakuruhusiwa."

Akaingia ndani kusali. Nilibaki pale na karai langu, nikalia kwa aibu, nepi zikinidondokea miguuni.

Kesho yake nilitangulia bwawani mapema kuliko siku zote. Niliporudi nilimwita uani, nikamwomba akinge mikono. Maji ya kwanza ya debe lile nilimmiminia yeye, taratibu, mpaka akamaliza udhu wake, na nepi zikasubiri.