Nilivyoikata Ngoma ya Koko

Siku ile haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi yamenitoka. Tulikuwa mtaa wa Katindo, sebuleni kwa Mama Furaha, watu wamejaa hadi mlangoni, wamekuja kutazama video ya harusi ya binti yake, Furaha. Picha alikuwa amezipiga Kasereka. Kuzihariri nilizihariri mimi.

Nikuambie kwanza habari za Kasereka. Tulijifunza kazi pamoja, kwenye kompyuta moja, na bado watu walimpenda yeye. Harusi zetu za Goma huangukia Jumamosi, na mtu hawezi kuwa parokia mbili kwa wakati mmoja, basi kazi zilizomzidi alinitumia mimi. Karibu kazi zangu zote zilitoka kwake. Badala ya kushukuru, nilivimba. Niliona nakula makombo yake. Nilimwonea wivu hadi viatu vyake, kweli kabisa, viatu!

Alipozileta picha za harusi ya Furaha nizihariri, nilikuta humo kipande kizuri kuliko chochote nilichowahi kupiga. Koko, bibi yake Furaha, aliyekuja kwa pikipiki kutoka mji wa Kiwanja, anacheza uani na kikapu kichwani, na Kasereka anamfuata polepole kwa kamera, bila mkono kutetemeka, hadi machozi ya yule mama mzee yanaonekana. Nilikitazama mara tatu. Kisha nikakikata. Nikaziacha picha zake zilizotikisika, ili watu waone kwamba naye si lolote. Kadi yake ya kamera nikaifuta yote, nikamrudishia.

Sebuleni, Koko alikaa kiti cha mbele. Kila ua wa nyumba ulipoonekana, alimgusa jirani yake: "Sasa ni miye." Hakutokea. Video ikaisha. Akanigeukia taratibu.

"Papa, kwani nilicheza mubaya?"

Nikajibu kwamba kamera iliharibika pale. Kasereka alikuwa amesimama mlangoni, akanisikia. Hakunibishia mbele ya watu. Nje, akiwasha pikipiki yake, ndipo aliposema: "Ungenichukia miye. Ule mama muzee alikufanyia nini?"

Tangu hapo hakunitumia hata harusi moja. Wengine nao wakaacha, maana kazi yetu ni ya kuambiana. Nimekaa Jumamosi ngapi nyumbani, kamera mfukoni, nikisikia honi za maharusi zikipita barabarani! Na wivu wenyewe haukuisha. Juzi nilipita mbele ya studio yake, nikauona mlango mpya wa vioo, roho ikaniuma kama zamani. Sikufichi.

Nakusimulia haya kwa sababu jana uliniambia kwamba mwenzako wa kamera, Gloire, anapata wateja wengi kuliko wewe. Sitakuambia usione wivu, utauona. Lakini usikae nao kwenye kompyuta. Ukianza kukuchoma, inuka, kanywe chai, umpigie Gloire simu umwambie picha yake ni nzuri, hata kama hupendi kusema. Usifute kitu cha watu kabla wenyewe hawajakitazama. Anayekutumia kazi iliyomzidi, mshukuru, nawe umtumie yako. Sisi hatuna patroni wa kutulipa kila mwezi. Tuna sisi kwa sisi.

Mungu akujazie Jumamosi zako, mwanangu, na harusi zikigongana akupe rafiki wa kumtumia moja. Na kama kuna bibi kwenye kiti cha mbele, anasubiri kujiona, ajione.